Mwendo wa Maji

Magomeni, Dar es Salaam, hutulia saa tisa usiku. Kabla ya hapo bado kuna bodaboda, kuna spika ya baa, kuna mtu anayegombana na simu yake barazani. Baada ya hapo adhana ya alfajiri iko njiani na mama wa kona ameshawasha jiko la chapati. Katikati ya nyakati hizo mbili ipo saa moja na ushei ambapo chumba changu cha kazi hubaki na sauti moja tu: ya pampu ndogo, mviringo wake hauzidi kisosi cha kikombe, inayosukuma maji juu ya prosesa ya kompyuta.

Kwa miezi minne ya mwanzo sauti hiyo haikutulia. Nikifungua faili, ilipanda. Nikiondoa mkono kwenye kipanya, ilishuka ikawa mguno. Nikifungua faili jingine, ikapanda tena. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, kwa hiyo masikio yangu yamezoea kutafuta kilichojificha chini ya sauti nyingine: feni ya ukumbini chini ya nasaha za shangazi, jenereta chini ya hotuba ya ndoa. Nilijua kuwa pampu haipaswi kuguna hivyo. Sababu yake sikuijua, na kwa kuwa kazi zilikuwa zinatoka, sikuitafuta.

Kompyuta hiyo niliinunua kwa akiba ya msimu mzima wa harusi. Ndani yake mna prosesa ya AMD Ryzen 9 5950X, ile iliyotoka Novemba 2020, yenye viini 16. Kwa mpangilio wa kiwandani inaruhusiwa kula hadi wati 142. Tukumbuke balbu zile za zamani za wati 60, zilizokuwa zikiunguza vidole ukijaribu kuzifungua kabla hazijapoa. Prosesa hii inazidi mbili za namna hiyo, na karibu joto lake lote linatokea kwenye vipande viwili vya silikoni ambavyo kila kimoja ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Joto hilo lazima liondoke, tena lianze kuondoka papo hapo, maana kipande cha ukubwa huo hakina mahali pa kulihifadhi.

Kipozeo cha maji hufanya kazi hiyo kwa njia ambayo fundi yeyote wa magari wa Gerezani ataitambua kwa kuitazama mara moja. Bamba la shaba linalala juu ya prosesa, na upande wake wa ndani limechongwa mapezi membamba kama nyuzi. Maji yanapita katikati ya mapezi hayo, yanabeba joto, yanapanda kwenye mpira mmoja hadi kwenye rejeta ya aluminiamu, feni zinapuliza, halafu yanarudi kwa mpira wa pili. Si maji matupu. Yamechanganywa na glaikoli na dawa za kuzuia kutu, kwa sababu shaba na aluminiamu zikikutana ndani ya maji matupu, moja humla mwenzake taratibu. Mfumo wote umefungwa kiwandani, na ni maji yale yale yanayozunguka tangu siku ya kwanza hadi siku kifaa kitakapokufa.

Hakuna kipya hapo isipokuwa udogo. Mwaka 1985 kompyuta ya Cray-2 ilizamisha saketi zake nzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme, pampu zikakizungusha, na watu waliokwenda kuitazama walisimama mbele ya kioo wakiangalia kimiminika hicho kikitiririka kama maporomoko madogo. Ilikuwa mashine ya maabara za serikali kubwa. Leo mhariri wa video za harusi ana pampu yake mwenyewe chini ya meza, na anaulizwa swali ambalo zamani lilikuwa la wahandisi: izunguke kwa kasi gani?

Mimi sikuulizwa. Jibu lilishawekwa kabla sijaanza kuitumia, na hapo ndipo mguno ulipoanzia.

Fundi aliyeiunga kompyuta alichomeka waya wa pampu kwenye soketi ya feni ya prosesa. Simlaumu, soketi ni ya pini nne, waya ni wa pini nne, na vinaingiana. Ila bodi mama haikuwa na namna ya kujua kwamba kilichochomekwa pale ni pampu. Iliichukulia kuwa feni, na feni ina desturi yake: prosesa ikipata moto iende mbio, prosesa ikipoa ipunguze. Kwa feni desturi hiyo ni nzuri. Kwa pampu ilikuwa balaa, na balaa lenyewe lilizidishwa na mpangilio mmoja mdogo uliokaa kimya ndani ya bayosi, programu ya msingi ya bodi hiyo.

Hizo pini nne zina kazi nne. Ya kwanza ni njia ya umeme kurudi. Ya pili inaleta volti 12. Ya tatu ni ya taarifa: kila pampu ikizunguka mara moja, hutuma mapigo mawili, na bodi huyahesabu ili ijue kasi. Ya nne ni ya amri. Sasa, bodi ikitaka kupunguza mwendo ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiacha ile ya nne kabisa na kupunguza volti, kutoka 12 hadi 8, hadi 6, hadi 5. Njia ya pili ni kuziacha volti 12 zikamilike, kisha kupeleka kwenye waya wa nne mapigo yapatayo 25,000 kwa sekunde. Urefu wa kila pigo ndio unaoiambia pampu izunguke kiasi gani.

Nimezifikiria sana njia hizi mbili, kuliko pengine inavyostahili kifaa cha ukubwa wa kisosi. Mtu mwenye kibarua shambani anaweza kumpunguzia chakula, na kweli mwendo wa jembe utapungua. Anaweza pia kumshibisha, kisha akamwambia leo hatuna haraka, lima polepole. Kwa atazamaye akiwa barabarani, vibarua wawili hao wanalima kwa mwendo mmoja. Lakini siku jembe likigonga kisiki, mmoja ana nguvu ya kuling'oa na mwingine hana. Pampu yangu ilikuwa imetengenezwa ipokee amri huku imeshiba. Bayosi ilikuwa imewekwa kwenye njia ya volti. Kwa miezi minne nilikuwa naipunguzia chakula.

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaa karibu sana, na tangu wakati huo siwezi kuyasikia bila kuyapanga pamoja: kupoa, kupoza, kupooza. Chai hupoa, na hasira hupoa. Mtu hupoza chai kwa kuimimina toka kikombe hadi kikombe, na dawa hupoza maumivu. Kisha herufi moja tu inaongezeka, na tunafika kwenye mkono usioinuka. Pampu iliyowekwa ipoze ilikuwa imepooza, na ilikuwa ikinieleza hivyo kila usiku kwa sauti yake.

Pampu ilianguka mwezi Julai. Kusi ilikuwa inavuma, chumba kilikuwa na nyuzi 25, prosesa haikuwa na kazi, na bodi ikashusha volti hadi mwisho wa chini. Nilikuwa nimetoka kula. Niliporudi nilianza kurenda, yaani kuiachia kompyuta iunde video kamili: harusi ya Jumamosi, kamera tatu, video inatakiwa Jumatano asubuhi kwa sababu wazazi wa bwana harusi walikuwa wanarudi Songea. Programu ikaniambia itachukua saa mbili na dakika kumi. Nikajilaza kwenye mkeka. Nilipoamka niliona imeandika saa kumi na tisa.

Nikafungua dirisha la vipimo. Prosesa ilikuwa kwenye nyuzi 90, ambazo ndizo ukomo wake, na ilikuwa imejipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwenye mstari wa pampu palikuwa na sifuri. Bodi ilikuwa imeshatambua hatari na kurudisha volti zote 12, lakini kilichosimama hakikuamka. Niligusa mpira mmoja, wa moto. Niligusa wa pili, baridi kama kuta. Maji yalikuwa yamesimama.

Nilizima, nikasubiri, nikawasha. Ikagonga mara moja, ikaanza. Na mimi, badala ya kurudi kulala, nilikaa chini nikaanza kusoma kile nilichopaswa kukisoma siku ya kwanza.

Ilinijia sura ya mjomba wangu. Alikuwa dereva wa lori la Dar hadi Tunduma enzi ambazo safari hiyo ilihesabiwa kwa siku, na simulizi zake zote zilipita Kitonga. Asiyeijua Kitonga aelewe tu kwamba ni pale barabara inapouacha ukanda wa joto wa Ruaha Mbuyuni na kuanza kuparamia ukuta wa milima kuelekea Iringa, kona juu ya kona, na lori lililojaa linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pale ndipo magari yalipochemsha. Kila kona palikuwa na lori lililofungua mdomo, mvuke unapanda, utingo ameshika dumu anateremka kutafuta maji.

Mjomba alikuwa akijivunia kwamba lake halikuchemsha. Siri yake ilikuwa ya gia. "Mwanangu," aliwahi kuniambia, "watu wanaogopa kelele. Wanang'ang'ania gia kubwa ili injini isipige kelele, gari linajivuta, huku maji yanalala. Pampu inafungwa mkanda na injini. Injini ikizunguka kivivu, na pampu inazunguka kivivu. Weka gia ndogo, acha ipige kelele, maji yatembee."

Alikuwa sahihi kabisa. Katika gari la namna ile hakuna wa kuamua kasi ya pampu isipokuwa mguu na gia. Pampu, feni na injini vimefungwa mkanda mmoja, na dereva asiyelijua hilo huinyima injini maji wakati ule ule anaoitaka ifanye kazi kubwa. Kompyuta imezitenganisha shughuli hizo. Pampu ina mota yake, feni zina mota zake, na kila moja inaweza kupewa amri yake. Uhuru huo ni neema, lakini ndio ulioniwezesha mimi kukosea jambo ambalo mkanda wa lori usingeruhusu.

Mjomba alikuwa na imani nyingine, na hii nilibaki nayo miaka mingi kama urithi. Alisema maji yakipita mbio mno kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa. Kwa hiyo pampu isizidishwe. Mafundi wengi bado wanasema hivyo, na wanaounga kompyuta nao nimewasikia wakisema. Inaingia akilini haraka. Chai kwenye kikombe inahitaji muda, nguo kwenye kamba inahitaji muda, kwa nini maji ya kwenye rejeta yasihitaji?

Kwa sababu maji hayo hayaendi popote. Yanarudi. Yakipita polepole kwenye rejeta yakapata muda maradufu wa kupoa, yatapita polepole pia juu ya prosesa, na huko yatapata muda maradufu wa kuunguzwa. Katika kila dakika moja, sehemu ya muda ambayo tone la maji linaitumia ndani ya rejeta ni ile ile, liwe linakimbia au linatambaa. Daladala la Mbagala likienda mbio linafanya safari nyingi zaidi kwa siku. Halibadilishi uwiano wa vituo vya kupakia na vya kushusha.

Najua imani ile ilitoka wapi, na najua haikutokana na ujinga. Mafundi wetu walizoea kung'oa themostati za magari, wakidhani katika nchi ya joto hazina kazi, na baadhi ya magari yakaanza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo. Wakahitimisha kuwa maji sasa yanakimbia mno. Kumbe katika injini nyingi themostati ikifunguka huwa pia inaziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji, kama mtu yeyote aliyechoka, yanachukua njia fupi. Walichokiona kilikuwa kweli. Maelezo ndiyo yaliyopotoka. Natamani ningepata kumweleza mjomba hilo akiwa hai, kwa adabu, nikianza na shikamoo na kumaliza na swali, ili aliseme yeye mwenyewe.

Basi nikafanya hesabu, usiku ule, nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka juli 4,186 hivi. Tuseme pampu inasukuma lita moja kwa dakika. Wati 142 zikiingia, maji yatatoka juu ya prosesa yakiwa na joto zaidi kwa nyuzi mbili tu kuliko yalivyoingia. Mbili. Nikiongeza kasi hadi lita mbili kwa dakika, tofauti itakuwa nyuzi moja. Ipo faida nyingine ndogo, kwa kuwa maji yenye mbio hukwangua joto vizuri zaidi katikati ya mapezi, lakini nayo ni ndogo. Nikipunguza hadi nusu lita, tofauti itakuwa nyuzi nne. Robo lita, nyuzi nane. Na nikiendelea kushuka hesabu inaacha kuwa na mwisho.

Nilipouchora mstari huo niliona sura ya jambo lote. Upande mmoja ni tambarare ndefu: unaweza kuzidisha kasi utakavyo, na unachopata ni kelele pamoja na digrii moja. Upande wa pili ni genge. Anayetembea kwenye tambarare hahitaji kupima kila hatua. Anahitaji tu kujua genge liko wapi na kukaa mbali nalo. Bodi yangu ilikuwa ikiipeleka pampu ukingoni mwa genge kila prosesa ilipopumzika, kisha ikiikimbiza hadi mwisho wa tambarare kila nilipofungua faili, na safari zote hizo mbili hazikuwa na sababu.

Asubuhi, baada ya video kukamilika na wazazi wa Songea kupata yao, niliingia kwenye bayosi. Nilibadilisha njia ya volti nikaweka njia ya amri. Niliifuta desturi ya kupanda na kushuka, mahali pake nikaweka mstari mmoja ulionyooka. Kilichobaki ni kuchagua urefu wa mstari huo, na hapo nilijipa siku mbili, kwa sababu nilitaka sikio liamue pamoja na kipimo.

Kwenye asilimia 100 pampu ilizunguka mara 2,800 kwa dakika na kutoa mluzi mwembamba, ule unaoanza kuusikia baada ya kuacha kuutafuta. Kwenye 90 mluzi ulishuka kidogo. Kwenye 80 ulipotea, lakini bati la ubavuni mwa kasha likaanza kuvuma, kwa kuwa kila bati lina sauti yake na pampu ilikuwa imeigusa. Kwenye 70 bati lilinyamaza. Kwenye 60 kila kitu kilinyamaza na prosesa ikapanda nyuzi tatu kuliko ilivyokuwa kwenye 100, kwa video ile ile, kwa nusu saa ile ile. Sikushuka zaidi. Nilirudi 70, nikaiacha hapo, na hapo ndipo ilipo leo.

Wapo wanaosema pampu iachwe kwenye 100 siku zote, kwamba ndivyo ilivyoundwa, kwamba kelele kidogo haiui mtu. Siwapingi. Pampu ambayo haina waya wa amri, au ambayo mtengenezaji wake ameagiza hivyo, mimi mwenyewe ningeiacha kwenye volti zote 12 bila majadiliano. Lakini wapo pia wanaosema iachwe ifuate joto la prosesa, kwa kuwa hiyo ndiyo akili, na hao nadhani wanasikiliza kipimo kisichofaa.

Joto la prosesa ni kitu chenye hofu. Fungua programu moja, nalo litaruka nyuzi ishirini kabla hujamaliza kupepesa macho. Funga, nalo litaanguka. Silikoni ni ndogo mno, haina subira. Maji yana tabia nyingine kabisa. Chukua glasi moja ya maji, robo lita, mimina ndani yake wati zote 142 bila feni yoyote kupuliza: yatahitaji zaidi ya sekunde saba ili kupanda nyuzi moja tu. Mruko wa prosesa unaodumu nusu sekunde hayausikii hata kidogo. Lakini kazi ikiwa ya kweli, ikidumu dakika kumi, maji yatajua, na hayatasahau haraka. Huchukua robo saa na zaidi kutulia kwenye kiwango kipya, na huchukua muda kama huo kurudi.

Kwa bahati kipozeo changu kina kihisi cha joto ndani ya maji. Nikaziondoa feni za rejeta kwenye amri ya prosesa na kuziweka chini ya amri ya maji. Maji yakiwa chini ya nyuzi 38 zinazunguka kwa mwendo wa feni ya dari iliyowekwa namba moja. Yakifika 45 zinachangamka. Yakikaribia 55 zitakuwa mbio kabisa, maana vifaa vya namna hii havitakiwi kuvuka nyuzi 60 hivi za maji. Lakini huko sijawahi kufika. Siku ya kwanza baada ya mpangilio huo nilifungua faili kubwa nikakunja uso kungoja mngurumo. Haukuja. Prosesa iliruka hadi 70, ikarudi 48, maji yakabaki 36, feni hazikushtuka. Nilikaa nimekunja uso kwa muda kabla sijauachia.

Nyuzi 36 zitamshangaza anayesoma majaribio yaliyofanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 huko ughaibuni. Hapa, kaskazi ikivuma Februari, chumba changu kina 32 kabla sijawasha chochote, na sina kiyoyozi. Kipozeo cha maji hakiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Kinachoweza ni kuyasogeza karibu nalo.

Bibi yangu wa Kondoa alikuwa na chombo kilichoweza zaidi. Mtungi wake ulikaa kwenye kona yenye giza, juu ya mchanga uliolowa, na maji yake mchana wa jua kali yalikuwa baridi kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Udongo uliruhusu maji kidogo kupenya hadi nje, hewa kavu ya Kondoa ikayageuza mvuke, na mvuke ukaondoka na joto. Hapakuwa na pampu, wala feni. Alipokuja kutuona Dar es Salaam alitafuta mtungi Kariakoo, akauweka kwenye kona, akangoja siku tatu, na maji yakakataa kupoa. Alidhani udongo ni mbaya. Ilikuwa hewa: Pwani imejaa unyevu tayari, haina nafasi ya kupokea mvuke mwingi zaidi. Nakumbuka alivyoweka kiganja ubavuni mwa mtungi ule, asubuhi baada ya asubuhi, akisubiri ubaridi. Alijua kwa kiganja kile kile kama mtoto ana homa.

Jambo moja limenibakia kuhusu namba ninayoiona kwenye kioo. Inasema mizunguko 1,960 kwa dakika, na naiamini, lakini ninajua sasa inachosema. Inasema mota inazunguka. Haisemi kwamba maji yanatembea. Mapezi ya shaba yakiziba kwa uchafu unaojijenga kwa miaka, au hewa ikijikusanya kwenye pampu kwa kuwa rejeta imefungwa chini yake, namba itabaki nzuri huku prosesa ikipanda hadi ukomo wake. Maji nayo hupungua kidogo kidogo, yakipenya kwenye mipira kwa miaka, ndiyo maana rejeta inafaa kukaa juu, hewa ipande huko na kuiacha pampu izame. Nilipohamisha ya kwangu kutoka chini hadi juu ya kasha nilisikia mabubujiko kwa siku nzima, hewa ikitafuta njia yake, halafu kimya.

Kwa hiyo bado nina mazoea ya mkono. Usiku wa kuamkia jana nilikuwa na kazi ya harusi ya Tabata, saa mbili na nusu za kurenda. Mama mzazi wa bi harusi alikuwa amepiga simu mara nne tangu magharibi, mara ya mwisho nilimwambia, "Mama, ikifika asubuhi utaikuta," akasema, "Haya mwanangu, nalala basi." Umeme haukukatika. Saa tisa niliamka nikaenda mezani gizani. Prosesa ilikuwa 74, maji 46, feni zilikuwa zinapuliza bila kubadilika, na chini yake, ukisikiliza sana, pampu. Nilifungua ubavu wa kasha nikashika mipira yote miwili, mmoja kwa kila kiganja. Mmoja ulikuwa unapeleka maji na mwingine unayarudisha, na kwa hesabu palikuwa na nyuzi mbili kati yao. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu, nimefumba macho, nikijaribu kutambua upi ni upi.